Dakika Nzima ya Kuhesabu Pumzi

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema sana, na bado wengi huchukua muda mrefu kulifanya sawasawa: kuhesabu pumzi za mgonjwa. Linaonekana jepesi kuliko yote. Joto lina kipimajoto chake na presha ina mashine yake, lakini pumzi zinataka macho na saa basi. Ugumu ni kwamba mtu akijua unamhesabu, hapumui tena kama alivyokuwa akipumua. Atavuta kwa nguvu, au atajizuia, au ataanza kukusimulia habari za nyumbani. Kwa hiyo muuguzi aliyefunzwa vizuri hushika kifundo cha mkono, huhesabu mapigo ya moyo mpaka mwisho, kisha haachii. Vidole vinabaki palepale na saa ipo mbele yake, mgonjwa akiamini ni mapigo bado yanayohesabiwa. Kumbe macho yameshahamia kifuani. Kifua kinapanda na kushuka, hiyo ni moja. Ataendelea hivyo dakika nzima.

Mtihani upo kwenye hiyo dakika nzima. Mwenye haraka huhesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne. Mwenye haraka zaidi hahesabu kabisa; anaandika 20 kwenye chati, kwa kuwa mtu mzima mwenye afya hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na tarakimu hiyo haimshtui mtu yeyote. Ukipitia chati za wodi ukakuta kila mgonjwa anapumua mara 20, asubuhi na jioni, ujue hapo hakuna aliyehesabiwa. Nao upumuaji ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika mwili unapoanza kuzidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Mgonjwa aliyekuwa na 18 asubuhi na sasa ana 28, hata kama anaongea na kuagiza chai, yuko hatarini, na pengine hakuna anayejua ila yule aliyesimama pale akahesabu.

Nimekaa wodini nikiuguza, kama watu wengi wa rika langu, na saa za wodini ni ndefu kiasi kwamba utawatazama wanafunzi upende usipende. Kilichonishika ni kwamba umri haukunisaidia kubashiri nani atahesabu na nani ataandika tu. Binti ambaye ungedhani bado yuko sekondari alisimama dakika yake ikaisha. Mwenzake mwenye mvi za kwanza, aliyerudi chuoni kujiendeleza baada ya miaka ya kazi, naye alisimama. Mwingine wa umri uleule akapita mbio. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ukomavu wa muuguzi hutoka wapi, na jibu nililolifikia ni kwamba hutengenezwa. Hutengenezwa kitandani kwa mgonjwa, kwa mikono, na kuna namna ya kuutazama ukitengenezwa.

Tanzania wengi huingia chuo cha uuguzi baada ya kidato cha nne, wakiwa wamefaulu baiolojia, kemia na fizikia. Maana yake wapo wanaokanyaga wodi kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 18 au 19. Nao wanatoka katika jamii ambamo umri una taratibu zake. Mdogo huamkia na mkubwa huitikia. Mdogo hamtazami mkubwa akiwa hajavaa, hamwamrishi, wala hamuulizi kama amepata choo. Sasa mchukue huyo kijana, mvike sare, mpeleke kwa mzee wa miaka 70 aliyepooza upande mmoja, umwambie amwogeshe. Malezi yake yote yanamwambia ageuke aondoke.

Nilimwona binti mmoja akiifanya kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mzee wa kitanda cha jirani hakuwa na ndugu saa ile na niliombwa nisaidie kumgeuza. Aliweka beseni, akafunga dirisha, akavuta pazia. Kisha akasimama mahali ambapo mzee angeweza kumwona bila kugeuza shingo. "Shikamoo babu." Mzee aliitikia akiwa ametazama ukuta. "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekuja kukuogesha, kama utaniruhusu." Akanyamaza. Hakujaza ukimya ule kwa maneno ya kubembeleza, wala hakuanza kufunua shuka huku akisubiri jibu. Alisubiri mpaka mzee alipokubali kwa kichwa.

Akaanza na macho, kwa maji matupu bila sabuni, akifuta kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Halafu uso, shingo, mkono mmoja. Akiosha mkono, kifua kimefunikwa. Akiosha kifua, mikono imeshakaushwa na kurudishwa chini ya shuka. Wakati wowote ule hapakuwa na zaidi ya kiungo kimoja nje. Vitabu vinaeleza kwamba hivyo mgonjwa hapati baridi, na ni kweli, lakini pale kitandani niliona wazi kwamba ni stara. Maji yalipopoa aliyabadilisha. Alipofika sehemu za siri alikikamua kitambaa, akakiweka katika mkono wa mzee uliokuwa bado na nguvu, akasema, "Hapa utajimalizia mwenyewe babu, mimi nipo hapa nje ya pazia." Akatoka kweli.

Tulipomgeuza ndipo nilipoona sehemu ya kazi ambayo sikuijua. Alitazama chini ya mgongo, kwenye nyonga, kwenye visigino, mahali ambapo mtu asiyejigeuza huanza kupata vidonda. Vitabu vingi vya uuguzi vimezoea kusema tafuta wekundu, ubonyeze, uone kama unapotea. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeungoja atakuja kuuona ukiwa umeshakuwa kidonda. Kwa hiyo yeye alitumia vidole: akagusa mfupa wa chini ya mgongo, akagusa ngozi ya pembeni yake, akarudi tena. Alikuwa anatafuta joto lililozidi, au ugumu, au ulaini usio wa kawaida. Kwenye kisigino kimoja vidole vilikaa zaidi. Akauliza, "Hapa panauma, babu?" Akakiinua kwa mto mdogo chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie hewani, akaandika kwenye chati, na saa ya kumgeuza tena akaiandika pia, kwa kuwa mgonjwa wa namna ile hugeuzwa kila baada ya saa mbili.

Ninalolithamini ni kwamba binti yule hakuyavua malezi yake mlangoni. Heshima ile ile aliyolelewa nayo nyumbani ameigeuza kuwa ufundi wa mikono. Wapo wanafunzi wanaodhani utaalamu ni kukausha uso na kuita wazee "mgonjwa wa kitanda cha 7." Wapo wengine ambao heshima inawazidi, wanaona aibu kuuliza kuhusu mkojo, na mgonjwa anashinda kibofu kimejaa. Katikati ya hao wawili ndipo kazi ilipo, na kuna vijana wa miaka 19 wanaofika hapo.

Walioongoza uuguzi katika karne ya 19 walitafuta njia nyingine: waliutafuta ukomavu katika tarehe ya kuzaliwa. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, umri uliotakiwa kwa wanafunzi ulikuwa miaka 25 hadi 35. Marekani, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Dorothea Dix aliyekuwa akisimamia wauguzi wa jeshi alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1862 aliagiza wawe na miaka 35 hadi 50, wavae nguo za kahawia, kijivu au nyeusi, bila mapambo. Mwaka uliofuata alimkataa Cornelia Hancock, binti wa miaka 23, kwa sababu ya ujana wake na mashavu yake yenye afya. Hancock alipanda treni hata hivyo, akakaa kitini mpaka ikaondoka, na siku chache baada ya mapigano ya Gettysburg alikuwa tayari akiwahudumia majeruhi. Akaendelea na kazi hiyo mpaka mwisho wa vita.

Simlaumu Dix. Alikuwa anawapeleka wanawake katika kambi za wanaume, wakati ambapo nchi nzima ilisubiri kashfa ya kwanza iseme si tuliwaambia. Hakuwa na vyuo wala miaka mitatu ya kumlea mwanafunzi. Umri ulikuwa ndiyo dhamana pekee aliyoweza kuipima kwa macho. Sisi tunayo miaka hiyo mitatu ya stashahada, tunao wakufunzi, Tanzania tunayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Baraza lenye mamlaka ya kumfutia leseni anayekiuka maadili. Kile ambacho Dix alikitafuta katika umri, chuo kinatakiwa kukitengeneza. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosikitika wodini kwamba siku hizi wanatuletea watoto. Kama mtoto aliyeletwa amebaki mtoto baada ya mwaka wa pili, wa kuulizwa ni waliompokea.

Upande wa pili wapo wanafunzi wenye umri mkubwa, na kwao nina heshima ya pekee kwa sababu wanachofanya ni kigumu kwa namna isiyoonekana. Wengi wao wana cheti na wamefanya kazi kwenye zahanati za mbali, ambako muuguzi mmoja ndiye mkunga, ndiye mfamasia, na usiku ndiye kila kitu. Kenya, mwaka 2005, shirika la afya la AMREF likishirikiana na Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi lilianzisha mpango wa kuwawezesha wauguzi wa cheti kufikia stashahada kwa kusoma kupitia kompyuta, huku wakiendelea na kazi zao. Watu waliokuwa wamezalisha mamia ya akina mama walijifunza kushika kipanya cha kompyuta ili wapate kurudi darasani.

Anaporudi, mtu wa namna hii anakuja na mikono iliyokwisha kuiva. Mtazame akitafuta mshipa wa kuwekea kanula kwa mtoto aliyeishiwa maji. Hatazami sana, anafunga mpira, anapapasa kwa ncha ya kidole mpaka akutane na kitu kinachosukuma kidole chake juu, kisha anavuta ngozi kidogo chini ili mshipa usiteleze. Kijana wa mwaka wa kwanza anayesimama pembeni anatazama mkono wa mtoto na haoni chochote. Maarifa hayo hayamo kwenye daftari, na nimewaona wakubwa wakiyagawa usiku, kwa sauti ya chini, wakishika kidole cha kijana na kukiweka mahali penyewe: "Sikia hapa."

Lakini mikono hiyo huja pia na njia za mkato. Mtu aliyerekebisha dripu kwa makisio miaka kumi, akiangalia tu matone yanavyoanguka, sasa anaambiwa ahesabu: lita moja kwa saa nane, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika. Kijana wa jana anaipata hesabu hiyo kichwani. Mkubwa anaikuta ngumu, na akiipata anagundua kwamba makisio yake yalikuwa yakikimbia. Anayemwambia hayo ni mkufunzi wa miaka 27, ambaye asubuhi alimwamkia shikamoo kwenye korido, na saa mbili baadaye anampa alama ndogo kwa kutonawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kukubali alama ile bila kununa, na kesho yake kuitikia tena marahaba kwa moyo mweupe, hilo nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo magumu kabisa ambayo mtu mzima anaweza kuombwa.

Patricia Benner, muuguzi na msomi wa Marekani, alilitazama jambo hili la uzoefu kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1984. Alichukua ngazi tano ambazo ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, walikuwa wamezipata kwa kuchunguza marubani na wacheza sataranji, akaziangalia kwa wauguzi: kutoka anayeanza, anayefuata kanuni moja moja, hadi bingwa anayeona hali nzima kwa pamoja. Mambo mawili aliyoyasema yananisaidia kila ninapowaza habari za umri. La kwanza, uzoefu si kupita kwa miaka. Ni pale ulichokidhania kinapokutana na mgonjwa halisi na kurekebishwa. La pili, bingwa wa wodi moja akipelekwa wodi nyingine hushuka ngazi. Mama aliyekaa leba maisha yake yote, ukimpeleka kwa wagonjwa mahututi, anaanza tena na kanuni moja moja. Anayelijua hilo huuliza maswali bila kuona amejishusha. Asiyelijua hukaa kimya kwa kuogopea cheo chake, na ukimya wa namna hiyo unaua.

Kuhusu siri za wagonjwa, umri hauna msaada mkubwa. Kijana ana simu mkononi na marafiki wanaotaka kujua siku yake ilikwendaje. Mtu mzima ana mtaa, ana kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na aliyelala kitanda cha mwisho ni mkwe wa jirani yake. Wote wawili wanatakiwa kukutana na mtu huyo sokoni mwezi ujao na kumsalimu kama wanavyomsalimu kila mtu. Nimesikia watu wakisema maadili hayafundishiki. Hili linafundishika, kwa njia ya kawaida kabisa: mwanafunzi anapomwona muuguzi mkubwa akiulizwa na ndugu wa mgonjwa, akijibu kwa upole kwamba hilo atalisema mgonjwa mwenyewe, anajifunza sentensi ambayo ataitumia maisha yake yote.

Kifo cha kwanza ni habari nyingine. Hakuna mwanafunzi anayekuwa tayari, hata aliyekwisha kuzika wazazi wake. Kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo inayomshika mtu asianguke. Saa inaandikwa. Macho yanafumbwa, kidevu kinafungwa, viungo vinanyooshwa kabla havijakakamaa, kanula na mpira wa mkojo vinaondolewa panaporuhusiwa, mwili unasafishwa, jina linafungwa. Ndugu wanaulizwa kama wana taratibu zao za dini za kuzingatiwa. Nimemwona mwanafunzi akiendelea kumwambia marehemu "nakugeuza sasa" kama alivyomwambia alipokuwa hai. Hakuna aliyemwagiza, na mkubwa aliyekuwa naye hakumsahihisha. Baadaye alilia kwenye chumba cha nguo safi, mkubwa yule akakaa naye muda, kisha wakatoka wote kwa sababu dawa za saa nane zilikuwa zinasubiri.

Mkubwa yule ndiye kiungo cha habari hii yote. Chuo kinaweza kuwa na mtaala mzuri, lakini ukomavu wa muuguzi hupita kutoka mtu hadi mtu, kama donge la chachu linavyopita kutoka unga wa jana hadi unga wa leo. Inaniuma ninapoona kitanda kimoja kimezungukwa na wanafunzi wengi kiasi kwamba wa nyuma wanaona migongo ya wenzao, na muuguzi mmoja wa zamu ana wodi nzima, kwa hiyo anawafundisha akiwa anatembea. Wanaojifunza katika hali hiyo hujifunza hasa namna ya kuwahi. Kisha tunawalaumu kwa kuwahi. Mwanafunzi akipewa wagonjwa wawili wawe wake, awajue kwa majina, aulizwe habari zao kila asubuhi na mtu anayejali jibu, hubadilika mbele ya macho yako.

Mahali pa kuona mabadiliko hayo ni kwenye ripoti, wakati zamu moja inapokabidhi nyingine. Mwanafunzi anayeanza husoma chati kwa sauti. Anayekomaa huanza na kilichobaki. Nilimsikia kijana mmoja wa mwaka wa tatu akikabidhi jioni: huyu amekula nusu tu, amegeuzwa saa kumi na anatakiwa kugeuzwa saa kumi na mbili, huyu antibiotiki yake ya mchana hakuipata kwa sababu stoo imeisha, ndugu wamekwenda kuitafuta dukani, nimeandika, huyu nimejaribu kumwekea kanula mara mbili nikashindwa, sikujaribu ya tatu, nimemwita dada wa zamu akaiweka yeye. Hiyo sentensi ya mwisho aliisema kwa sauti ileile kama nyingine, bila kujitetea, na aliyekuwa anapokea aliiandika kama nyingine. Akauliza ni mkono upi, wakaenda pamoja kuukagua.